Tamasha dogo la nyimbo za injili: mwongozo kwa vijana wenye nguvu nyingi na hela kidogo

Vijana wa kanisa wakikaa kikao cha kwanza cha tamasha, haipiti nusu saa jina la mwimbaji mkubwa limeshatajwa. Mmoja ana namba ya meneja wake, mwingine amesikia kwamba makanisa huwa anayapunguzia, na kabla chai haijaisha bajeti nzima imeshahamia kwa mgeni atakayeimba nyimbo tatu kwa CD na kuondoka. Nawashauri mlikatae wazo hilo palepale. Tamasha la watu wanaojitolea liwe dogo kwa makusudi: siku moja, jukwaa moja, vikundi kumi na viwili visizidi, wengi wao wa jirani, na hela iende kwenye mitambo. AIC Makongoro ya Mwanza au Kijitonyama Upendo ya Dar es Salaam zilianza kama kwaya za kanisani, watu wa mtaani ndio waliozisikia kwanza. Kwenu pia zipo, hazijapata tu spika nzuri.

Nimeandika nikiwafikiria zaidi walio Tanzania, hasa miji midogo. Wa Kenya nimewagusia kwenye vibali, mengine hayatofautiani sana.

Anzeni na wazee

Haijalishi mko chini ya chama cha vijana au wanafunzi Wakristo kama VIWAWA, UKWATA au CASFETA, au umoja wa vijana wa usharika, barua ya kwanza iende kwa mchungaji au paroko, na kupitia kwake kwa baraza la wazee. Iwe ya ukurasa mmoja. Wazee wengi hawaogopi muziki. Wanachoogopa ni hela na mimbari: michango itapita mikononi mwa nani, na nani atapanda kuhubiri. Jibuni hayo mawili kabla hamjaulizwa. Andikeni kwamba hela yote itaingia kwenye akaunti au lipa namba ya kanisa, mtajeni mhazini, na semeni neno litatolewa na mtu atakayechaguliwa na mchungaji mwenyewe. Ombeni pia mlezi mmoja, mtu mzima anayepokea simu. Mtamhitaji siku ya kwenda polisi, maana barua iliyopelekwa na vijana watatu peke yao huweza kukaa mezani hadi tarehe ikapita.

Kamati ya watu saba inatosha: mwenyekiti, katibu, mhazini, na wasimamizi wa mitambo na jukwaa, vikundi, chakula, na ulinzi pamoja na afya. Wengine wote ni wahudumu. Sheria moja isiwe na mjadala: anayeimba siku hiyo asipewe kazi nyingine. Msimamizi wa jukwaa aliye pia sauti ya nne kwenye kwaya ya vijana atakosekana saa ileile mnayomtafuta, kwa sababu atakuwa nyuma ya darasa akibadilisha sare.

Tarehe

Miezi mitatu ya maandalizi ni kiasi kizuri. Epukeni Kwaresima, kwa Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana si kipindi cha shamrashamra. Epukeni masika kama mko pwani au kaskazini. Juni hadi Septemba pana afadhali sehemu nyingi: mvua hakuna, Juni shule zina likizo, na vijijini ndio mavuno, kwa hiyo hata sadaka ina kitu. Njombe na Mbeya mwezi wa saba waambieni watu waje na masweta, na mfunge mapema.

Mkialika kwaya za Kisabato, Jumamosi itawaweka pabaya. Wapo watakaokataa moja kwa moja, na wapo watakaokuja wakute mnafanya mnada wakaona wametegwa. Jumapili mchana baada ya ibada huwafaa karibu wote. Waulizeni pia kuhusu ngoma na kucheza, maana kwaya nyingi za Kisabato huimba zimesimama wima bila dramu, na haipendezi kuzipanga katikati ya vikundi viwili vya Kipentekoste vilivyoliamsha jukwaa vumbi. Wapeni nafasi mapema, watu wakiwa bado wametulia.

Mahali

Ukumbi una paa lakini sauti hurudi na watu hubanana. Uwanja wa shule ya msingi mara nyingi ndio jibu: una vyoo, una uzio, una madarasa ya kubadilishia nguo, na mwalimu mkuu anajulikana. Kaombeni kwa barua, na ahadi ya usafi muiandike humohumo. Msijione duni kwa kukosa uwanja wa maana. Greenbelt, tamasha la Kikristo la Uingereza ambalo bado lipo, lilianza mwaka 1974 kwenye shamba la nguruwe huko Suffolk.

Fikeni uwanjani saa 10 jioni siku ya kawaida, saa ambayo tamasha litakuwa limekolea, mtazame jua liko wapi. Jukwaa likiwa upande wa magharibi, watazamaji wataumia macho mchana kutwa. Liwekeni mashariki, waimbaji wapatieni turubai. Kisha tazameni spika zitaelekea wapi. Zisielekee zahanati wala msikiti. Pakiwa na msikiti karibu, mlezi aende amwone imamu wiki moja kabla, waelewane saa. Wakati wa adhana na swala ya alasiri zimeni mitambo, mgawe maji, mpange kikundi kinachofuata. Majirani Waislamu wakiheshimiwa hivyo, mara nyingi watoto wao ndio wanaojaza safu ya mbele.

Vibali

Msiviache wiki ya mwisho. Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata. Kutoka hapo nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ndiye atakayewaambia kama tukio lenu linahitaji kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, hasa mkiwa na kiingilio au wasanii wa kulipwa. Polisi wapelekeeni taarifa ya maandishi kwa mkuu wa kituo. Sheria ya Tanzania inataka isipungue saa 48 kabla ya mkusanyiko, lakini nyinyi pelekeni wiki mbili kabla, mbaki na nakala yenye muhuri. Kenya, chini ya sheria inayoitwa Public Order Act, OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, anapaswa kupata taarifa ya mkusanyiko wa hadhara siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo huko kuwahi mno nako ni kosa.

Kuhusu kelele, kanuni za mazingira za mwaka 2015 zinazosimamiwa na NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, zina viwango vya mchana na vya usiku, na vya usiku viko chini sana. Hiyo ni sababu mojawapo ya kumaliza mapema, saa 12 jioni. Mkiingia usiku mtaongeza taa, walinzi, mafuta ya jenereta, na wazazi waliokasirika.

Hakimiliki nayo ipo. Nyimbo za injili zina wenyewe kama nyimbo nyingine, na kuimbiwa Mungu hakuziondolei mwenye kazi. Waulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuhusu leseni ya kupiga muziki hadharani. Na kama mtarusha moja kwa moja YouTube au Facebook, jueni kwamba kikundi kinachoimba juu ya CD ya mtu kinaweza kufanya matangazo yenu yakatwe katikati. Kata sauti kwa vikundi hivyo au rekodini tu waliotunga wenyewe, tena kwa ruhusa yao ya maandishi.

Hela

Tuseme mna shilingi milioni 2. Mgawanyo ambao ningeutetea kwenye kikao chochote ni huu: mitambo na jenereta 900,000, viti na maturubai 350,000, chakula na maji ya waimbaji na wahudumu 350,000, nauli 150,000, vibali, karatasi na sanduku la huduma ya kwanza 100,000, na 150,000 isiyoguswa hadi asubuhi ya siku yenyewe. Bei za kwenu zitakuwa tofauti, ila uwiano msiuharibu. Mtu akitaka fulana za kamati, zitoke mfukoni mwa wanakamati.

Hela zitoke wapi? Kadi za ahadi zigaweni mapema, na muwe na daftari linaloonyesha nani kachukua kadi namba ngapi. Maduka ya jirani hutoa vitu kirahisi kuliko fedha: katoni za maji, mchele, kuchapiwa bango. Mnada baada ya ibada msiudharau. Jogoo mmoja akinunuliwa, mnunuzi akamrudisha mezani auzwe tena, akanunuliwa na kurudishwa tena, anaweza kuleta hela kuliko barua zote mlizopeleka maofisini. Mnadi tu awe na ulimi, na mhazini aandike kila jina palepale, kwa sababu wapo wanaopandisha bei kwa furaha kisha Jumatatu hawapatikani.

Kiingilio mimi sikipendi. Kinaleta tiketi, walinzi wa geti na masuala ya kodi, na kinawafungia nje wale wanaopita tu njiani wakavutwa na sauti. Acheni geti wazi, pitisheni sadaka mara moja, na mama lishe walipie meza zao kidogo.

Mitambo na jukwaa

Hapa ndipo matamasha mengi ya vijana yanapofia, kwa hiyo vumilieni maelezo marefu.

Fundi mitambo msimchague kwa wingi wa spika. Nendeni mkamsikilize kwenye harusi au mkutano wa nje, msimame nyuma kabisa, mwone kama maneno yanasikika. Besi inayotikisa kifua huku maneno ya wimbo yakipotea haifai kitu kwa injili. Mkipatana, andikeni: spika ngapi, maiki ngapi na stendi zake, monita (spika zinazowaelekea waimbaji wajisikie), anafika saa ngapi. Nusu ya malipo kabla, nusu siku hiyo baada ya kazi.

Ala ziwe seti moja tu jukwaani: kinanda kimoja, dramu moja, gitaa la solo na la besi zenye ampu zake, vimefungwa tangu asubuhi na havifunguliwi. Kikundi kikisema lazima kifunge kinanda chake, jibu liwe hapana, kwa upole. Kila kinanda kipya ni dakika kumi za "haloo, haloo, cheki, moja mbili".

Kwa kwaya ya watu thelathini, wekeni maiki nne kwenye stendi mbele yao, umbali wa kama hatua moja, na maiki moja ya mkononi kwa mwanzilishi. Msiwape waimbaji sita maiki sita za mkononi. Kila mmoja ataimeza, zitapiga mluzi, fundi atashusha zote, na sauti ya tatu haitasikika hadi mwisho. Mwalimu wa kwaya aelezwe haya kwenye kikao cha vikundi wiki moja kabla. Kumweleza jukwaani ni kuchelewa.

Wanaoimba kwa CD wasije na simu. Wapeni siku ya mwisho ya kuleta nyimbo, siku tatu kabla, kwa flashi au kwa WhatsApp kama faili. Mtu mmoja aziweke zote kwenye kompyuta moja, azipe majina kwa mpangilio wa ratiba, na azisikilize mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kuna faili linalokatika kwenye ubeti wa pili na kuna lile ambalo sauti ya mwimbaji mwenyewe imebaki ndani. Ikibidi simu itumike, iwekwe kwenye hali ya ndege. Kwaya ikiwa imefumba macho katikati ya kiitikio, spika za uwanja mzima zisije zikaita mlio wa simu ya shangazi.

Jenereta iwepo hata kama umeme upo. Mwombeni fundi ajumlishe wati za vifaa vyote, mkodi jenereta ambayo mzigo huo hautazidi robo tatu ya uwezo wake. Birika la umeme la chai na mashine ya kukaangia chipsi visiunganishwe hapo. Mafuta huongezwa ikiwa imezimwa na imepoa kidogo, kwa hiyo ratiba iwe na dakika za kuizima. Pumziko la alasiri linafaa.

Ratiba yenyewe ifanyieni hesabu. Kuanzia saa 7 mchana hadi 12 jioni ni dakika 300. Ondoeni sala na ukaribisho 20, neno 20, sadaka 15, mgeni rasmi 15, zinabaki 230. Kila kikundi nyimbo mbili, dakika 12, na dakika 5 za kupishana, jumla 17. Vikundi kumi na viwili vinakula 204. Zinabaki dakika 26, na hizo zitaliwa na pumziko la alasiri na ucheleweshaji ambao lazima utokee. Kikundi cha kumi na tatu hakina pa kukaa, hata kama kiongozi wake ni binamu wa mwenyekiti.

Msimamizi wa jukwaa awe na vituo vitatu: kikundi kinachoimba, kinachosubiri kando ya ngazi kikiwa kimevaa, na kinachotafutwa. Apewe watoto wawili wenye mbio wa kutuma. Kadi ya njano inamwonyesha mwalimu wa kwaya kwamba zimebaki dakika mbili. Nyekundu, maiki zinashuka. Wakijua fundi ana amri ya kushusha kweli, nyekundu haitatumika zaidi ya mara moja.

Halafu MC. Chagueni mwenye maneno machache. MC anayesema "Bwana asifiweee!" akarudia mara tatu kwa sababu wa nyuma hawajaitikia, kisha akahubiri kidogo kuhusu wimbo uliopita, anakula dakika tatu kila mapishano, na mapishano ni kumi na mawili. Piga hesabu mwenyewe.

Mgeni rasmi akichelewa, anzeni. Msikalishe watu juani kwa ajili ya gari ambalo bado liko njiani.

Usalama

Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walifariki kwenye mkutano wa maombi katika uwanja wa Majengo baada ya umati kusukumana na kukanyagana kuyafuata mafuta ya upako. Kila kamati ya tamasha iongee juu ya siku ile kabla ya kuchora ramani ya uwanja wake. Geti moja halitoshi. Fungueni mawili au matatu, kila moja na mhudumu anayebaki hapo hadi mwisho, na lisifungwe kwa mnyororo kwa kisingizio cha kuzuia wahuni. Msirushe fulana, pipi wala chochote cha kugombaniwa. Sadaka ipelekwe kwa vikapu vinavyopita kwenye viti, au kama desturi yenu ni kutoka mbele, safu iende upande mmoja na kurudi upande mwingine.

Waombeni Msalaba Mwekundu wa wilaya wawape wahudumu wa huduma ya kwanza, na jueni kabla ya siku hiyo ni gari la nani litampeleka mgonjwa zahanati. Maji ya kunywa yawe mengi. Vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, na mtu awe na zamu ya kuvipitia.

Watoto wa Sunday school waimbe mwanzo, warudi kwa walimu wao, wahesabiwe. Meza ya watoto waliopotea iwe pembeni ya jukwaa, ikae mama anayefahamika kanisani. Asikabidhiwe mtoto mtu yeyote ambaye mtoto mwenyewe hamtambui.

Vikundi vya mbali visisafiri usiku. Wanakwaya wa Ambassadors of Christ wa Kigali walipoteza wenzao watatu kwa ajali ya gari Mei 2011, wakirudi nyumbani kutoka kuimba Tanzania, na barabara zetu ni zilezile. Kikundi kinachotoka wilaya nyingine kiimbe cha tatu au cha nne, kile, kipande gari kabla ya giza. Kama hakiwezi, kitafutieni pa kulala kwa waumini, wanakwaya wawili wawili kila nyumba. Jumatatu asubuhi wataondoka wakiwa wameshajuana na nusu ya mtaa.

Baada ya wimbo wa mwisho

Salio la fundi lilipwe kabla hajakunja nyaya, naye asaini. Sadaka ihesabiwe palepale na watu watatu, mmoja akiwa mzee wa kanisa, iandikwe kwenye fomu, na ilale kwa anayelaza sadaka za siku zote. Viti vihesabiwe mnapovirudisha. Kilichovunjika mseme wenyewe kabla mwenye viti hajakiona.

Kesho yake asubuhi wahudumu wote wawe shuleni saa 12 na mifagio, kabla wanafunzi hawajaingia. Chupa za maji ziokotwe hadi nje ya uzio, kwenye majani ya jirani.

Ndani ya wiki mbili mhazini abandike hesabu kwenye ubao wa matangazo, mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, kila kitu hadi nauli ya bodaboda, na isomwe kanisani Jumapili inayofuata. Hela ikibaki, wazee ndio waamue. Ikipungua, deni liandikwe kama lilivyo na jina la anayedai, na mnada wa mwezi huo utajwe kuwa wa kulilipa.

Barua za shukrani ziende kwa mwalimu mkuu, mwenyekiti wa mtaa, mkuu wa kituo, imamu na kila kikundi. Katibu achukue daftari jipya, aandike bei zote mlizolipa, namba ya fundi, na majina ya vikundi vilivyofika kwa wakati. Vile vilivyochelewa aviandike kwenye ukurasa mwingine.